Bahasha ya Msambweni

Ta!

Mlango wa chuma ulijifunga nyuma ya Garama. Aliusukuma kwa bega. Wapi! Ndani hapakuwa na kitasa wala dirisha. Zege tupu, baridi kavu, na rafu za albamu zilizojaa bahasha za kumbukumbu, zile zinazogongwa muhuri siku ileile stempu mpya inapotoka.

Kamera iliwasha taa nyekundu. Kipaza sauti kikakohoa.

"Karibu Diani, bwana," alisema Mutunga, mwenye nyumba. "Mlinzi wangu Kenga amekutambua. Ati mnunuzi wa bahasha! Jasusi na bahasha wapi na wapi?"

"Nimezikusanya tangu darasa la tano, mzee. Ujasusi ulikuja baadaye."

"Basi zitazame. Saa sita wageni wangu wanakuja kuzichukua. Na wewe watakuchukua."

Saa yake ya Casio ilisema saa tano na dakika arubaini na moja.

Bastola yake ya Glock na simu vilibaki getini kwa Kenga. Garama alibonyeza redio iliyofichwa kwenye kifungo cha shati, kumwita mwenzake aliyekuwa nje na askari.

"Mwinga, wanipata?"

Mkwaruzo tu. Zege lilikula mawimbi.

Ndani ya bahasha mojawapo mlikuwa na kadi ndogo ya simu, ya kuhifadhia data, yenye jina la Hafsa, jasusi mwenzake. Hafsa alikuwa Msambweni, akijifanya karani wa genge linaloingiza bunduki kupitia Jego, mpakani. Wageni wa Mutunga ndio wenye bunduki. Wakiisoma kadi ile, Hafsa hataiona jioni.

Albamu thelathini na mbili.

Garama hakutazama stempu hata moja. Aligeuza migongo ya bahasha tu. Mkusanyaji habandiki mdomo wa bahasha, gundi humwachia madoa. Huukunja ukaingia ndani, basi. Mutunga alilijua hilo. Lakini Kenga, mlinzi anayetumwa kuficha vitu, je?

Albamu ya nane. Bahasha moja ilikuwa imebandikwa kwa mate, kama barua ya mkopo.

Aliichana. Kadi ikamdondokea kiganjani.

"Hongera," Mutunga alicheka. "Utatoka nayo wapi?"

Kweli. Wapi?

Zilibaki dakika nne.

Pembeni, mashine ya kukausha hewa ilinguruma. Garama alivuta ndoo yake. Maji, karibu lita tatu. Kisha akachukua bahasha iliyokuwa peke yake kwenye fremu. Tarehe 12 Desemba 1963, muhuri wa Msambweni. Alikuwa ameitafuta miaka ishirini na miwili.

Aliishika juu ya ndoo.

"Fungua."

"Huthubutu! Wewe ni mkusanyaji!"

"Ndiyo maana najua wino ukilowa unakuwaje."

"Garama, ndugu yangu, hiyo hakuna nyingine..."

Aliitumbukiza kona. Wino ukaanza kutoka, mweusi, taratibu.

"Mtu mshenzi wewe! Itoe! Itoe!"

Mlango ulifunguka. Mutunga aliingia mbio, bastola mkono mmoja, karatasi ya kukaushia mkono wa pili. Macho yake yalikuwa kwenye bahasha.

Hilo ndilo kosa lake.

Ndoo nzima ilimpata usoni. Garama alimpiga kiwiko, akamnyang'anya bastola, akamgeuzia Kenga aliyetokea mlangoni.

"Lala chini. Simu yangu."

"Shika, bosi. Mimi nimeajiriwa tu."

Redio ikapata uhai.

"Mwinga, ingia. Na mnase gari lolote linalokuja hapa."

"Tuko getini, kaka. Umekawia."

Saa sita kamili, Probox mbili za askari ziliwazuia wageni barabarani. Mutunga alikaa sakafuni, pingu mkononi, maji yakimchuruzika.

"Ianike kivulini," alisema. "Jua litaikunja."

"Najua."

Garama alitoka nje na kumpigia Hafsa.

"Shikamoo, kaka. Kuna neno?"

"Marahaba. Ondoka hapo sasa hivi. Tumemaliza."

"Alhamdulillahi."

"Ukipita posta ya Msambweni, nigongee bahasha muhuri wa leo."

"Leo kuna sherehe gani?"

Garama alitazama bahasha kiganjani mwake. Tarehe ilisomeka. Jina la Msambweni lilikuwa limeondoka.

"Wewe gonga tu."

Aliifunga kwenye leso, akaitia mfukoni na kushika njia ya Ukunda, kwa upande wa kivuli.