Ninayempisha

"Haya mabuti ni ya nani, Ikupa?"

Hezron aliuliza kwa sauti ya chini, lakini mle ghalani hata chafya ilisikika pande zote. Lilikuwa ghala la ushirika. Tangu wanunuzi binafsi waanze kuifuata kahawa vijijini lilibaki la popo, mpaka mwalimu Veronika na wenzake, akina mama wachoraji wa Tukuyu, walipolipiga chokaa na kutundika picha zao. Wiki ile nusu ya mtaa wa Bulyaga ilipita pale, wengine kuangalia picha, wengine kujikinga mvua tu.

Picha ya Ikupa ilikuwa karibu na dirisha. Aliichora kwa udongo, ule mwekundu na mweupe ambao bibi zake walipambia kuta: njia ya tope kati ya migomba, ncha ya mkongojo, na mabuti mawili ya mpira, la kushoto lina kiraka cha tyubu ya baiskeli. Juu, picha inaishia kwenye pindo la kanga. Uso hakuna. Chini ameandika: Ninayempisha.

"Nimekuuliza."

"Ni mtu wa njiani."

"Mtu wa njiani unamjua mpaka kiraka?"

Ikupa akageukia dirisha. Mabuti yalikuwa ya Mzee Ambindwile wa Kisondela, baba mzazi wa huyo huyo Hezron aliyesimama pale amekunja uso. Tangu ng'ombe wa mahari wapokelewe kwao, Ikupa aliushika mwiko kama alivyolelewa: baba mkwe hatazamwi usoni, hatajwi, wala mkwe hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, yeye huingia migombani, akajifunika kanga na kuinama mpaka mzee apite. Ndivyo alivyoyajua yale mabuti.

Kuyachora hakuona kosa. Kuyatundika mbele za watu ndiko kulikomtia hofu. Akisema ni ya nani, ametangaza kwamba alimkodolea mkwe macho, na mzee mshika mila kama yule angeweza kuuvunja uchumba. Asiposema, Hezron angeuvunja mwenyewe. Na Hezron angeyajulia wapi? Alikuwa fundi magari Mbeya mjini, nyumbani alifika Jumapili tu, na Jumapili mzee huvaa viatu vya kanisani.

"Doreen anasema ni yule bwana shamba wa Matwebe," Hezron akasema.

Doreen alikuwa rafiki wa Ikupa, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Doreen anasema mengi."

"Basi nitajie wewe."

"Siwezi, Hezron."

Hezron akaondoka bila kuaga. Simu za mkononi ndiyo kwanza zimefika Tukuyu, na pale ghalani aliyekuwa nayo ni mwalimu Veronika peke yake. Alasiri ikaingia meseji, akampa Ikupa asome mwenyewe: "MWALIMU MWAMBIE IKUPA KAMA HAWEZI KUMTAJA HUYO MTU KESHO NAMLETA BABA AJIONEE. NG'OMBE WATARUDI."

Ikupa alilia pale pale, mbele ya wageni. Alimpenda yule mwanaume, hasira zake na yote. Veronika akamuuliza kama waishushe picha. Akaishika, akaitazama, kisha akaiachia.

"Nikiishusha nimekubali ni ya bwana shamba. Iache."

Kesho yake, siku ya kazi, kikohozi kizito kikasikika mlangoni. Ndivyo baba mkwe anavyobisha hodi ili mkwe apate kujiondoa. Ikupa akakimbilia chumba cha nyuma kinakowekwa rangi, akafunga mlango na kugeukia ukuta. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba, kila neno lilipita.

"Tazama, tata," Hezron alimwambia baba yake. "Amechora miguu ya mwanaume, na jina lake analificha."

Hatua za mzee zikasikika zikiisogelea picha.

"Hezron, tazama chini."

"Chini wapi?"

"Miguuni pangu. Umenitoa shambani sijabadili hata kiatu."

Ikupa alimsikia Hezron akivuta pumzi.

"Kiraka hiki nilikitia mwenyewe," mzee akaendelea. "Wewe mwanangu hukijui. Mtoto wa watu anakijua."

Kisha akamgeukia Veronika, maana na mkwe hawasemezani.

"Mwalimu, nifikishie ujumbe kwa aliye huko ndani. Aliyeinua macho angechora uso wangu. Huyu amechora pale tu anapotazama mtu mwenye heshima. Mwambie ndaga fijo, nashukuru sana. Na picha isishushwe."

Veronika akasogea mlangoni akayarudia yote neno kwa neno, kana kwamba Ikupa alikuwa ng'ambo ya mto. Ikupa akajibu asante, na jibu nalo likapelekwa hatua tatu mpaka kwa mzee.

Mzee alipoondoka, Hezron akabaki amesimama mbele ya mlango.

"Nisamehe, Ikupa. Ungeniambia."

"Ningemtajaje? Na wewe ulimwamini Doreen, mimi ukaniacha."

"Nimekosa."

"Basi uwe unakuja siku za kazi, ukalime naye. Ukishayajua mabuti ya baba yako, njoo tupange harusi."

Hezron akaja. Mikono iliyozoea spana ikatoka malengelenge ya jembe, na wenzake wa gereji wakamcheka sana. Hakujibu kitu. Wiki iliyofuata akapanda tena gari la Tukuyu.

Ndoa ilifungwa Agosti. Ikupa alisimama kando ya mlango wa kanisa, kichwa chini ya shela, macho sakafuni, wakati upande wa mwanaume ukiingia. Viatu vikapita, vimepigwa kiwi vinang'aa. Ghafla watu wakaanza kunong'ona, na mama mkwe akasikika akiguna kwa aibu: suti mpya ya harusi, na chini mabuti ya shamba?

Yalikuwa yameoshwa safi. Kiraka kilikuwa pale pale, buti la kushoto. Mzee aliyavaa ili mkwe wake amjue.

Ikupa akalivuta shela, akainama, akampisha.