Kuvu Chini ya Chokaa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Julai, kuvu ilikuwa imevuka mstari. Faidha aliuchora mstari huo kwa penseli siku nane kabla, akalizungushia doa jeusi lililoota kwenye pembe ya bafu. Sasa doa lilikuwa limetoka nje ya mstari kwa upana wa vidole viwili. Alipima kwa rula, akaoga kwa maji ya ndoo moja, akavaa sare yake ya darasa la sita.

Bafu lilikuwa chumba kidogo nyuma ya nyumba yao, Newala mjini. Ndani yalikaa mapipa mawili ya maji, kwa sababu huku juu uwandani bomba hutoa maji leo na kukauka kesho, na aliyeyapata huyaweka karibu. Mapipa hayakuwa na mifuniko. Dirisha lilizibwa kwa gunia tangu upepo wa baridi ulipoanza. Unyevu ulipanda, ukakosa pa kutokea, ukalala ukutani.

Nurdini, mdogo wake wa miaka mitano, hakuwepo. Alikuwa na pumu. Mwezi uliotangulia alibanwa kifua, akalazwa siku tatu hospitalini Ndanda, na tangu atoke alikuwa kwa mama mkubwa kulekule. Daktari alisema asirudi nyumbani hadi kuvu iondolewe. Mama Kulwa, jirani yao ambaye ni muuguzi, alikuwa amekuja kueleza kazi ilivyo: jifunge kitambaa puani, sugua kwa brashi na maji ya sabuni, suuza, kausha, fungua dirisha, funika mapipa.

Mama aliwagawia kazi. Faidha asugue, na kaka yake Salmini, wa kidato cha pili, achote maji bombani. Baba alikuwa shambani Chilangala akipulizia mikorosho salfa, asingerudi kabla ya mwisho wa mwezi.

Ni Salmini aliyetaka wabadilishane. Alisema Faidha hupiga chafya akilisogelea doa tu, na dari haifikii hata akipanda stuli. Yeye Faidha achote, yeye Salmini asugue, na wiki haitaisha kabla Nurdini hajarudi nyumbani. Faidha alikubali bila kuuliza la pili. Salmini ndiye aliyemfundisha kusoma kabla hajaanza shule, na hakuwahi kumdanganya.

Kwa siku nne Faidha alichota ndoo nne kila asubuhi. Siku ya tatu shingo ilimuuma hata akashindwa kugeuka darasani. Jioni Salmini alijifungia bafuni, na Faidha alisikia brashi ikienda na kurudi.

Alhamisi Salmini alimwita aone. Kuta zote zilikuwa nyeupe kutoka sakafuni hadi darini.

"Ukuta umeoga kuliko wewe," Salmini alisema, na Faidha akacheka. Alisimama mlangoni, akatazama, akaridhika. Harufu ya salfa ilikuwepo, lakini msimu huo nyumba nzima hunuka salfa: nguo za baba, stoo, hata mikeka.

Usiku wakati wa kula mama alimuuliza Faidha kama ukuta ameuona mwenyewe. Faidha alijibu kuwa ameuona, ni safi.

Jumamosi mama alimleta Nurdini. Mtoto alizunguka nyumba yote akihesabu kuku wake, akaoga jioni hiyo, na Jumapili tena. Jumatatu Faidha aliporudi kutoka shuleni alimkuta ameketi ukumbini, ameinamia mbele, mabega yanapanda na kushuka. Kifua chake kilitoa mluzi. Mama alikuwa amempa dawa ya kuvuta kama alivyofundishwa, na Mama Kulwa alikuwa amepiga magoti kando, akimhesabia pumzi kwa saa ya mkononi.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba. Ngoja kidogo, mwanangu."

Zilipita dakika ishirini ndipo mluzi ukapungua. Mama Kulwa aliinuka, akaenda bafuni, wote wakamfuata. Alipitisha kidole ukutani. Kidole kilirudi na unga mweupe wenye chembe za njano. Akaunusa. Kisha akachukua kijiko, akakwangua pale pembeni juu ya mapipa. Chokaa ilibanduka kama ganda, na chini yake kuvu ilikuwa nyeusi kama ilivyokuwa. Mstari wa penseli ulikuwepo vilevile, haukufutika hata kidogo.

"Nani alifanya kazi hii?" Mama Kulwa aliuliza.

"Faidha alikagua," alisema Salmini. "Alisema ni safi."

Mama alimgeukia Faidha. "Nilikuuliza. Ukasema umeuona."

Faidha hakumtazama mama. Alikuwa akiutazama mstari wake. Brashi ingepita pale hata mara moja, penseli ingefutika. Brashi aliyoisikia jioni zote zile ilikuwa ya kupakia chokaa.

"Nilikuchotea ndoo kumi na sita," alimwambia kaka yake.

Salmini alieleza, macho chini. Siku ya kwanza alisugua kidogo karibu na mlango, akaona haitoki upesi, na wenzake walikuwa wanamngoja uwanjani. Akafikiri: ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, ukishika mikorosho, baba hupuliza salfa, unakufa. Kuvu na ubwiri unga si ndugu? Akachota salfa stoo, akaichanganya na chokaa, akapaka. Alidhani imekufa.

"Ni ndugu kweli," Mama Kulwa alisema. "Ila mkorosho hauna mapafu. Salfa ni dawa ya shambani, na anayeipuliza hujifunga pua. Wewe umeipaka ukutani anapooga mgonjwa wa pumu, na kila akioga inammwagikia. Na kuvu yenyewe iko hai chini yake."

Asubuhi mama alimrudisha Nurdini Ndanda. Mtoto aliondoka akimuuliza Faidha yeye amekosa nini hata arudishwe.

Safari hii hapakuwa na kubadilishana. Mapipa yalitolewa nje. Walijifunga vitambaa puani, wakalowesha ukuta kwanza ili unga usiruke, Salmini akakwangua chokaa yote. Mama Kulwa aliwakataza kutumia dawa kali ya kung'arishia nguo, kwa kuwa haifai kukutana na salfa. Sabuni na brashi ngumu vingetosha. Salmini alisugua siku tatu. Maji alichota yeye pia. Mara mbili alijaribu kumtania Faidha, naye hakucheka.

Gunia dirishani liliondolewa, mahali pake pakawekwa wavu. Fundi alitengeneza mifuniko ya mbao ya mapipa. Mama aliweka sheria: kila anayeoga akaushe ukuta kwa kitambaa kabla ya kutoka.

Ijumaa jioni Salmini alikuja jikoni. "Nimemaliza. Safari hii ni safi kweli, mdogo wangu. Niamini."

Faidha alichukua tochi na stuli, akapita mbele yake. Alimulika kila pembe, akapapasa ukuta kwa kiganja hadi alipofika, na dari akamfanya Salmini aipapase mbele ya macho yake. Kisha akachora duara jipya la penseli palipokuwa na doa, akaandika tarehe.

Siku kumi baadaye Mama Kulwa alikuja kukagua. Aliukuta ukuta mkavu. Kabla hajaondoka aliwaketisha wote wawili.

"Kuvu haifi kwa kufichwa," alisema. "Iondoe, kisha inyime maji. Wewe Salmini, uliificha kuvu, kisha ukajificha nyuma ya mdogo wako; kuvu imetoka kwa siku tatu, hilo la pili litachukua muda zaidi. Na wewe Faidha, usitoe ushahidi wa kitu ulichokiona kwa macho ya mwenzako. Hata akiwa kaka yako. Hasa akiwa kaka yako."

Salmini alimwomba mdogo wake radhi. Faidha alisema amesikia.

Jumamosi Nurdini alirudi. Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Faidha aliingia bafuni na rula. Dirisha lilikuwa wazi, mapipa yamefunikwa, na nje Nurdini alikuwa akiwaita kuku wake kwa sauti kubwa isiyokatika. Alimulika tochi. Ndani ya duara hapakuwa na kitu.