Mgeni wa Couvre-feu

Mgeni alilisukuma sinia taratibu, kama mtu mwenye adabu zake, akasema, "Mama, umetia chumvi."

Asiya akaona haya. Sasa ni nani Bujumbura anayechoma samaki wa mukeke bila chumvi? Lakini mgeni ni mgeni, na huyu alikuwa amebisha hodi askari wakianza kufunga njia. Siku zile za vita, aliyekutwa mtaani kwenu na couvre-feu, ile amri ya kutotoka nje usiku, alilala kwenu, kwani kumrudisha nje ni kumkabidhi kwa risasi. Yahaya, mumewe, alisita. Asiya ndiye aliyetamka karibu.

"Couvre-feu ikishafika, mugeni ni wa mwenye nyumba," alimnong'oneza mumewe. "Tumufukuze aende wapi?"

Asubuhi mkeka haukuwa na hata mkunjo, na chumba kilinuka kama nyumba iliyofungwa tangu wenyewe wakimbie. Mgeni hakuaga. Alibaki siku hiyo, na zilizofuata.

Yahaya alikuwa fundi wa magari hapo mtaa wa Asiatique, na tangu nchi iwekewe vikwazo alikuwa akiuza esansi, yaani petroli, ya magendo, kibidoni hiki na kile. Mgeni alimwahidi njia. Kuanzia hapo Yahaya akapata malori, yakatoka Zone Industrielle, kwenye viwanda, mji ukiwa umefungwa, yakapita mbele ya vizuizi, na askari hawakugeuza hata shingo. Haukupita muda Yahaya akashika esansi yote, kisha matairi, kisha dawa. Akaweka vijana wenye bunduki mlangoni. Wakubwa wa serikali walimngoja barazani wakimwita Patron. Asiya naye, tusimwonee, alivaa bangili za dhahabu na hakuuliza zimetoka wapi.

Kisha Népomuscène, mwenye sukari yote ya Musaga, akagoma kumpisha Yahaya. Alikutwa amekufa kizingitini pake, vifundo vya vidole vimechunika kwa kugonga mlango. Mjane wake, Spéciose, alikuja kwa Asiya.

"Aligonga, mama, akaniita kwa jina, kwa sauti ya bwana yangu. Lakini bwana yangu alikuwa kitandani kando yangu! Nilimugusa. Akaniambia, usifungue."

"Na asubuhi?"

"Kitandani apana mutu."

Asiya alijua papo hapo ni kazi ya nani. Mgeni wao aliyeweza kumtoa mtu nyumbani mwake angeweza pia kumtoa Yahaya. Akamvuta mumewe jikoni.

"Baba Raihana, mutoe."

"Unafikiri sikujaribu?" Yahaya aliangalia nyuma yake kwanza. "Nilimuambia aende. Alicheka tu. Mi namuogopa, Asiya."

Mtu aliyetetemesha mji mzima alikuwa akinong'ona jikoni kwake mwenyewe. Asiya alimhurumia hadi machozi yakamtoka.

Wakamwita Mwalimu Hamimu, msomaji wa majini. Alifukiza ubani mchana kutwa na kusoma hadi sauti ikamkauka. Jioni mgeni alinyanyuka, akavaa viatu vyake, akatoka.

"Leo atarudi kugonga, kwa sauti yoyote ile," Hamimu alionya. "Usifungue. Akikosa mlango leo, harudi tena."

Yahaya akamsindikiza mwalimu kwa gari. Alirudi mapema kuliko walivyomtazamia, mlango ukiwa bado wazi, akakaa kitini pake, akampakata binti yao Raihana. Asiya akapika huku akiimba. Ni lini aliimba mara ya mwisho? Alipotandika chakula, mlango ukagongwa.

"Mama Raihana, ni mi. Gari iliharibika njiani. Fungua."

"Usifungue," alisema Yahaya kitini, kwa upole.

Asiya akaziba masikio, akasoma kila aya aliyoijua. Mgongaji akazidi kugonga, sauti ikapanda, ikalia, ikaapa kwa marehemu mama yake. Na pale mezani mumewe alilisukuma sinia taratibu.

"Mama, umetia chumvi."

Asiya aliruka hadi mlangoni na mkono wake ukashika komeo, lakini alipogeuka alimwona yule aliyekaa kitini akimpapasa Raihana shingoni kwa kidole kimoja, polepole, na mtoto akicheka kwa kutekenywa, na harufu ile ya nyumba iliyofungwa ikamjaa puani na kooni, na yule akamwambia, "Fungua basi. Akiingia yeye, mi natoka na mutoto," na huku nje mume wake wa kweli akiendelea kumwita, akimuuliza amemkosea nini, Asiya akabaki ameshika komeo, hafungui, haachii, analia bila sauti, hadi vidole vikafa ganzi na kugonga kukapungua, kukapungua, kukakoma.

Alfajiri kiti kilikuwa kitupu, na Raihana amelala chini yake. Asiya akafungua. Yahaya alikuwa kizingitini, baridi, vifundo vimechunika. Vijana wake wenye bunduki walikuwa wamekaa karibu naye tangu jioni. Hawakumwona wala kumsikia. Hawakugeuza hata shingo.

Mchana walikuwa wameshagawana malori.

Siku ya matanga Spéciose alikuja kupika, maana Asiya hakuweza hata kusimama. Alimpakulia Raihana kwanza, maharage na kipande cha samaki. Asiya akamtazama mwanawe, akajiambia kwamba angalau huyu amebaki.

Raihana aliisukuma sahani taratibu, kama mtu mwenye adabu zake.

"Mama," alisema, "umetia chumvi."