Vidonge vya Kugawana

Kila asubuhi kabla ya shule, Stumai na kaka yake Fredy waliamia ndege wasile mpunga kwenye shamba la familia, kijijini Michenga. Stumai alikuwa mfungaji tegemeo wa netiboli shuleni kwao.

"Ndege wanakimbia sura yako, si kelele zako," Fredy alimtania.

Siku moja Stumai alijikata mguuni kwa mundu. Bibi yao, Agnella, alifungua kopo lake la dawa. Katika nyumba hiyo kila kitu kiligawanywa: samaki, sukari, hata dawa. Fredy aliwahi kuandikiwa vidonge, akapata nafuu upesi, na vilivyobaki vikatunzwa.

"Meza hivi viwili, mjukuu wangu," alisema Bibi.

Kidonda kilivimba na kutoa usaha. Mechi dhidi ya shule ya Mofu ilikuwa mwisho wa mwezi.

Hospitalini Ifakara, Daktari Ursula alipeleka usaha maabara. Majibu yalipotoka aliwaita Stumai, Bibi na Fredy.

"Shikamoo, daktari," Stumai alisalimia.

"Marahaba. Bakteria hawa hawafi kwa dawa ya kawaida. Wana usugu."

"Wameupata wapi?" Stumai aliuliza.

Daktari alimgeukia Bibi. "Mbegu yako nzuri ya mpunga uliipata wapi?"

"Kwa jirani yangu Siwema. Wala si ndugu yangu."

"Bakteria nao ni hivyo. Mwenye vinasaba vya usugu huwarithisha watoto wake, tena anaweza kumpa jirani, hata wa aina nyingine. Dozi ya nusunusu huua walio dhaifu na kuwaachia nafasi wale sugu."

"Kumbe nao hugawana!" Bibi alishangaa.

"Umepata ndugu, Bibi," alisema Fredy, na hata daktari akacheka.

Stumai alipewa dawa nyingine. Baada ya siku chache maumivu yaliisha, vidonge vikiwa bado vipo. Fredy alikuwa akikohoa.

"Nigawie viwili tu."

Stumai alifunga pakiti. "Sigawi. Nenda kapimwe."

"Mchoyo!"

"Ndiyo, mchoyo!"

Alivimaliza vyote, na kidonda kikafunga. Siku ya mechi alifunga goli la ushindi. Fredy, ambaye kipimo kilionyesha ana mafua tu, alishangilia mpaka sauti ikamkauka.

Jioni Bibi aliwakatia samaki wa kuchoma vipande sawa.

"Samaki tutagawana siku zote," alisema. "Dawa ni ya aliyeandikiwa, na ataimeza mpaka kidonge cha mwisho."

Kopo lake sasa lilikuwa na chumvi.