Bobini Zilizojaa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo mtu mwingine nyumbani hakuruhusiwa kuigusa. Alizungushia uzi kwenye bobini sita, vile vigurudumu vidogo vinavyokaa chini ya sindano ya cherehani, akazipanga kwenye kisahani karibu na mkono wa Mama. Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake, maana tangu aamke mdomo wake haukutulia: akimaliza kusema anaimba, akimaliza kuimba anasema.

Sharti la kazi lilikuwa moja tu. Bobini zisijae. Nusu, basi.

Mama alikuwa fundi wa nguo, na kwa miaka mitatu misuli ya mabega, mgongo na mapaja ilikuwa ikimuuma bila kukoma. Alipigwa picha, akapimwa damu, akanywa dawa mpaka akachoka nazo. Ukimtazama, mzima kabisa! Mwishowe mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini alimwambia ukweli.

"Mama, maumivu haya huenda yasikuache. Lakini utaweza kuishi nayo ukijifunza kupumzika kabla hayajakulazimisha."

Basi Mama akabuni saa yake mwenyewe. Uzi wa bobini ukiisha, anainuka, anatembea hadi mlangoni, ananyoosha mikono juu, anavuta pumzi, kisha anarudi kushona. Kwa nusu hizo za uzi alifanya kazi kila siku, na cherehani ikawalisha.

Wiki ile alikuwa na magauni kumi na manne ya kwaya ya shule. Ijumaa, mbele ya wazazi wote, Chiriku angeimba ubeti wa kwanza peke yake. Mara mbili zilizopita Mama alishindwa kwenda. Safari hii alikuwa ameahidi, na Chiriku alikuwa amewatangazia wote, mpaka wauza mboga.

Jumatano mwalimu wa kwaya alipita kukagua. Alikuta magauni saba, na fundi amesimama mlangoni, mikono juu.

"Fundi, leo tunashona au tunapunga upepo?"

"Tunafanya yote mawili, mwalimu," Mama akacheka. "Ijumaa asubuhi utayakuta tayari."

"Ijumaa ndiyo siku yenyewe! Haya bwana."

Wasichana wawili wa darasa la Chiriku walikuwa wakipita, wakasikia. Kesho yake alfajiri, Chiriku alipotumwa dukani kununua uzi, neno lilikuwa limeshaenea, na watoto njiani wakamzomea. "Mama yako fundi wa kupumzika!" Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wale hawakuwa wamekilalia. Lakini tuseme ukweli, hata Chiriku mwenyewe hakuwa amekilalia. Alirudi nyumbani mbio na uzi mkononi, uso umemwiva kwa aibu.

Alimkuta Mama ameamka na uso mwepesi. "Leo nimeamka vizuri, mwanangu."

Chiriku akaona hiyo ndiyo bahati. Akazijaza bobini zote sita, pomoni. Si kwa ubaya, jamani. Alitaka magauni yaishe, wenye midomo wanyamaze, na Mama akae kiti cha mbele. Mama aliziingiza kwa mazoea tu, bila kuzitazama, akakanyaga cherehani.

Chiriku aliporudi kutoka shule, magauni yote kumi na manne yalikuwa yananing'inia ukutani.

"Sijui leo nguvu nimezitoa wapi!" Mama alisema. "Hata uzi ulikuwa na baraka."

Chiriku akaziondoa bobini kwenye kisahani upesi, kabla Mama hajazitazama.

Ijumaa Mama hakuinuka. Vidole havikuweza kushika kikombe, na shuka lilipomgusa bega aliguna kwa maumivu. Shangazi, aliyeishi nyumba ya pili, akaitwa aje kukaa naye. Chiriku akaenda shule, akaimba. Kiti cha mbele kilikaliwa na mtu mwingine. Watu walipiga makofi, wakayasifu magauni, na kila sifa ilimchoma moyo.

Aliporudi, alisikia sauti ya Mama kabla hajaingia chumbani.

"Wifi, nitafutie mtu anunue hii cherehani."

"Usiseme hivyo, wifi yangu."

"Niseme nini? Nilifuata kila nilichoambiwa. Sikuruka pumziko hata moja. Nilidhani nimepata namna ya kuishi na maumivu haya, kumbe nilikuwa najidanganya."

Kisha Mama akalia. Miaka mitatu ya kuumwa, na Chiriku hakuwahi kumsikia akilia. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Aliingia.

"Mama, usiuze. Hukujidanganya. Ni mimi. Nilijaza bobini."

"Wewe mtoto!" Shangazi alimaka.

"Zote?" Mama aliuliza.

"Zote sita. Walikuwa wanakucheka. Na mimi nilitaka uje."

Mama alifumba macho.

"Na mimi nilitaka kuja, mwanangu. Ndiyo maana nilikuwa napumzika."

Hapo Chiriku akaangua kilio. Mama alimngoja atulie kidogo.

"Umeniumiza, sitakuficha. Sijui nitainuka lini. Lakini ungenyamaza, ningeuza kazi yangu na kujiona nimeshindwa maisha yangu yote. Umefanya vyema kusema. Sasa sikiliza. Siku njema si ya kumaliza kazi zote. Ni ya kufanya kiasi, ili na kesho nifanye. Na mtu akikwambia anaumwa, usingoje kuona kidonda ndipo umwamini. Ukitaka kumsaidia, muulize kwanza."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Njoo."

Alitaka kumkumbatia, lakini mkono uliinuka kidogo tu, ukaangukia godoroni. "Uchukue mwenyewe," alisema.

Chiriku alipiga magoti kando ya kitanda. Akauinua mkono wa mama yake kwa mikono yake miwili, polepole, akauweka begani kwake.

"Unauma?" aliuliza.

"Unauma," Mama alijibu. "Uache hapo hapo."