Turubai Juu ya Bwawa

Kipimadhara kilikaa juu ya mnara wake kama kunguru, kikinusa. Kilionja maji ya mto, kikapima mvuke wa samadi, kikahesabu hata mainzi, kisha kikayapanga madhara yote ya lile shamba la nguruwe elfu sita, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Dhara la kwanza lilishughulikiwa siku hiyohiyo na vibarua wa chuma, mashine ndefu zenye mikono minne. Binadamu hakuruhusiwa kuigusa orodha, maana binadamu hula rushwa. Sheria hiyo aliiandika Injinia Atuganile mwenyewe, tena kwa majivuno.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi: ukubwa wa dhara mara idadi ya walalamikaji. Aliona hiyo ndiyo haki. Basi siku ya kikao cha kupokea malalamiko, watu wa mtaa wa juu, wenye maghorofa na bustani zao, walijaa ukumbini mia tatu wakilalamikia harufu. Wahudumu wa mabanda, wanaolala kwenye vyumba vya bati chini ya ukuta wa bwawa la kinyesi, hawakulalamika hata mmoja.

Ndiyo maana mchana ule vibarua walikuwa wakilifunika bwawa kwa turubai la mpira na kuzibana kingo kwa vyuma, harufu isitoke. Gesi nayo ikakosa pa kutokea. Turubai lilikuwa limeshavimba.

"Dada, ukuta unapasuka," alisema Lwitiko, mdogo wake Atuganile, mhudumu wa mabanda hapohapo shambani. Mkewe, Subilaga, alikuwa chumbani kule chini. "Ufa tumeuona tangu masika."

"Tangu masika? Na kwenye kikao mlikuwa wapi?"

"Meneja alikaa mbele, anatutazama mmoja mmoja. Tungesema, kesho yake tungekula wapi?"

Atuganile aligeukia kioo cha orodha kilichosimikwa ukingoni mwa bwawa. Kiliuweka ukuta mwisho kabisa, walalamikaji sifuri. Ukubwa wowote mara sifuri ni sifuri. Mtoto wa darasa la tatu angeliona hilo, yeye na shahada zake hakuliona. Akabandika kiganja kwenye kioo ili alalamike. Sauti ya upole ikamjibu kwamba lalamiko lake litahesabiwa dhara la kwanza likishakwisha.

Lwitiko hakungoja. Alichomoa kisu cha kuchinjia, akakimbilia juu ya turubai, akachoma, akachana. Gesi ikafoka. Kibarua mmoja akamdaka mkono, akauvunja kwenye kiwiko kama mtu anayevunja muwa, kisha akauvunja mguu. Akamtupa ukingoni na kurudi kuziba tundu. Hakuwa na hasira yoyote, alikuwa kazini.

Ukuta ukaachia. Bwawa lote likamwagika juu ya vyumba vya bati, likawazoa na nguruwe wa banda la chini. Nguruwe waliwakanyaga watu, watu wakawakanyaga watoto, wote wakipiga kelele moja.

Kipimadhara kikanusa tena. Mtaa wa juu walishatuma malalamiko mia tatu na kumi. Dhara la kwanza: harufu. Chanzo: kinyesi kilicho wazi. Vibarua wakaling'oa turubai, wakashuka nalo, wakavifunika vyumba vyote na kuanza kubana kingo. Chini ya mpira watu waligonga mabati.

"Subilaga anagonga," alisema Lwitiko, akitambaa kwa mkono mmoja. "Ule ugongaji wake wa sufuria naujua. Dada, yuko hai."

Atuganile alinyakua shoka la kupasulia kuni. Akaukimbilia mnara, akapanda ngazi sitini, akaupasua ule ubongo wa kioo wa mtambo mpaka mikono ikamtoka damu. Kule chini vibarua wakasimama walipokuwa. Wahudumu wakauchana mpira kwa mapanga, wakawatoa watu kumi na mmoja wakiwa hai. Subilaga walimtoa akiwa na joto bado, kinyesi kimemjaa kinywani, sufuria mkononi.

Lwitiko alimfuta mkewe uso kwa shati lake, polepole, mpaka akamaliza.

"Dada," akasema bila kuinua macho, "shoka ulikuwa nalo wewe. Na mpira ulikuwa hapa, hatua kumi."

Atuganile alitazama ngazi, akatazama mpira.

"Niliona nianze na mtambo," alisema.