Mstari Ambao Sikuuona

Kila siku nikitoka shule navua sare, nakula chapuchapu, kisha nashuka gatini kumsaidia shangazi kuosha boti. Shangazi yangu ni nahodha. Huwapeleka wageni ziwani kuvua kwa kukokota: boti inatembea taratibu na ndoano inafuata nyuma. Watu wakimwuliza, mwanamke na boti wapi na wapi, huwajibu kwamba boti yenyewe haijawahi kumwuliza swali hilo.

Mimi botini naitwa Jicho. Jina hilo alinibandika shangazi, kwa sababu kazi yangu ni kuangalia kioo cha mashine ya kuonyesha samaki. Nyuma ya boti, ndani ya maji, kumefungwa kidude cheusi chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Kinaitwa kihisi. Kihisi hutuma sauti chini. Sauti ikigonga kitu hurudi, na kitu hicho huchorwa kwenye kioo. Sakafu ya ziwa huonekana kama utepe mnene, na samaki huonekana kama nyusi.

Samaki wakubwa hupenda maji ya baridi ya chini. Ili chambo kiwafikie, tuna winchi ndogo yenye waya, na mwisho wa waya kuna chubwi, yaani tufe la risasi la kilo tano. Mshipi wenye chambo hubanwa kwenye waya, chubwi likazama nao. Winchi yetu ni kuukuu na haina namba, kwa hiyo kina cha chubwi tunakijua kwa kioo tu. Chubwi likionekana, linachora mstari mwembamba ulionyooka.

Ijumaa moja shangazi alifunga kihisi kipya, nasi tukaenda majini kukirekebisha. Boti ikitembea, chubwi halining'inii wima. Maji hulisukuma nyuma. Kihisi kikitazama chini moja kwa moja, hakilioni. Lazima kiinamishwe kidogo kitazame nyuma, lakini kikizidi, hata sakafu ya ziwa inapotea. Shangazi alisimama nyuma na spana yake. Mimi nilishika usukani na kuangalia kioo, maana kule aliko, jua lilikipiga kioo usione kitu.

"Unaliona chubwi?" aliuliza.

"Silioni, shangazi."

Tukasimamisha boti. Akalegeza skrubu, akainamisha kihisi kiasi cha unene wa ukucha, akakaza. Tukatembea tena.

"Sasa je?"

"Bado."

Tulirudia mara saba. Saa kumi timu yetu ya mpira wa pete ilikuwa na mechi, na mfungaji ni mimi. Kutoka majini niliuona uwanja, na wenzangu walikwisha kuanza kupasha misuli. Miguu yangu ilikuwa botini, roho uwanjani.

"Haya, Jicho, sasa je?"

Nilitazama kioo. Kulikuwa na utepe wa sakafu tu. Mstari haukuwepo.

"Naliona!" nikasema. "Mstari safi kabisa."

"Una hakika?"

"Kabisa, shangazi."

Kutoka pale aliposimama hadi kwenye kioo ni hatua nne. Angeweza kuja kutazama mwenyewe. Hakuja. Alikaza skrubu, akafuta spana, akasema, "Hongera, mwanangu. Twende ukacheze."

Tulishinda, na nilifunga mabao kumi na moja. Lakini wakati wa chakula cha jioni, shangazi alimwambia bibi, "Mama, bila huyu leo ningekuwa bado niko ziwani." Bibi akaniongezea kipande cha samaki. Nikajipa moyo kwamba ziwa ni pana, na chubwi haliwezi kunisema.

Asubuhi wageni walikuwa wawili, fundi saa na mkewe. Fundi saa alikuwa mvuvi wa siku nyingi. Mkewe hakuwahi kushika ndoano.

"Miaka thelathini nampikia samaki wake," alisema mama yule, akakaa kando ya winchi. "Leo na mimi nataka wangu."

"Mpe tu, nahodha," fundi saa akadakia, "nipumzike kusimangwa."

Shangazi alicheka. "Tutapita ubavuni mwa mwamba ulio chini ya maji, ndiko samaki wanakolala. Jicho, nashusha chubwi. Likifika mita kumi na tano, sema."

Waya ukaanza kushuka. Waya ukinasa kwenye mwamba huku boti inatembea, unaweza kukatika na kuruka kama mjeledi, au kuing'oa winchi, na aliye karibu akaumia. Aliyekuwa karibu ni yule mama, kashika fimbo yake ya kuvulia, anatabasamu.

"Limefika wapi?" shangazi aliuliza.

Kwenye kioo sakafu ilikuwa inapanda: mita ishirini na tano, ishirini na mbili, kumi na tisa. Nilitafuta mstari. Haukuwepo. Ningeweza kutaja namba yoyote, kama jana. Nilimtazama yule mama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini chini yangu kulikuwa na maji tu.

"Jicho!"

"Silioni, shangazi! Na jana sikuliona. Nilikudanganya."

Mkono wangu ulikwenda kuzima injini.

"Usizime!" shangazi alipaza sauti. "Tukisimama litazama zaidi. Kata kushoto, penye kina!"

Nikakata kushoto. Shangazi alizungusha winchi kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Chubwi lilipotoka majini, alilishika akaligeuza. Ubavuni lilikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa, mrefu kama kidole. Lilikuwa limekwisha kugusa mwamba. Machozi yalinitoka, nami sikuyaficha.

Shangazi hakunigombeza. Aliwaomba radhi wageni, akaipeleka boti mahali palipotulia, kisha akanipa spana.

"Leo utakaa nyuma wewe," alisema. "Mimi nitaangalia kioo."

Niliinama juu ya maji nikalegeza skrubu, nikainamisha, nikakaza. Tukatembea.

"Shangazi, unaliona?"

"Silioni."

Mara ya tano vidole vyangu viliingia ganzi. Mara ya nane nilitamani sana aseme ndiyo.

"Usichoke," fundi saa alinitia moyo. "Mimi saa moja huifungua mara ishirini."

"Mteja hudhani anaitekenya," mkewe akaongeza.

Mara ya kumi shangazi alikisogelea kioo, kisha akasema, "Naliona."

Kutoka pale nyuma jua lilikuwa limekipiga kioo, sikuona chochote. Nilikuwa na neno lake tu. Nikalishika neno hilo, nikakaza skrubu mpaka mwisho.

Kabla ya saa sita fimbo ya yule mama ilipinda. Alipiga kelele, akamkataza mumewe kumsaidia, akavuta mwenyewe hadi akamtoa samaki mnene mwenye urefu wa mkono. Fundi saa alipima kwa macho, akakiri kwamba yeye hajawahi kupata kama yule. Tulirudi gatini tukicheka, hata mimi.

Wageni walipoondoka, nilibaki na shangazi tunafunga kamba. Sikuweza kuvumilia tena.

"Shangazi, nani atakaa kwenye kioo sasa?"

Alimalizia fundo lake kwanza.

"Jana ulisema neno moja tu," alisema. "Ukaliona dogo. Lakini mimi nilisimama juu ya neno hilo, na yule mama wa watu alikaa kando ya winchi kwa sababu yake. Mtu akikuamini, hakagui nyuma yako. Ndiyo maana uongo wa anayeaminiwa huumiza kuliko uongo wa mwizi."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Wiki hii utaosha boti peke yako, ndani na nje." Kisha akaniinua kidevu. "Ila sikiliza. Wa kuniambia 'naona' nitampata popote hapa gatini, hata kwa kuokota. Leo umeniambia 'sioni' mbele ya wageni, na aibu yote ikakushukia wewe. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka kwenye kioo. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe hapa."

Nilikuwepo saa kumi na moja na nusu.